Kisutu kwenye miraba: kisa cha mchoro wa kudarizi uliotoka kwenye printa ya nyumbani

Karatasi zilikuwa 12, zimeunganishwa kwa selotepu, na orodha ya nyuzi pembeni ilitaja rangi 38. Mchoro huo ulitokana na kisutu, kanga ambayo mtu yeyote wa pwani akiulizwa atakwambia ina rangi tatu: nyekundu, nyeusi na nyeupe. Ukitaka kujua mambo yaliharibikia wapi, anzia kwenye tofauti hiyo ya 3 na 38.

Mwenye kazi ni mama wa makamo wa Tanga, mdarizi wa siku nyingi. Binti wa kaka yake alikuwa anaolewa, naye akataka kumpa foronya ya mto wa kochi yenye sura ya kisutu, kwa kuwa kisutu ndiyo kanga ya harusi. Cha kuigia alikuwa nacho: kisutu cha marehemu mama yake, kimechakaa pindoni lakini mji wake, yaani uwanja wa katikati, bado mzima. Na hakutaka kudarizi kwa mashine. Alitaka mshono wa msalaba, ule wa kuhesabu, ambao kila mraba wa kitambaa unapigwa X moja kwa sindano butu.

Mchoro wa kununua hakuupata. Michoro ya aina hii iliyojaa mitandaoni ni ya mawaridi, paka na vijumba vya theluji, na kisutu hakimo. Ndipo kaka wa bibi harusi, kijana mwenye printa ya wino chumbani kwake, akasema shangazi niachie mimi. Alikitandaza kisutu kitandani, akakipiga picha kwa simu, akaitia picha katika programu ya bure inayogeuza picha kuwa miraba, akachapa. Shangazi alipozishika zile karatasi alizigeuzageuza, kisha akauliza, "Mwanangu, hii rangi ya waridi umeitoa wapi?"

Hapo ndipo waliponiletea kazi: karatasi, kanga, na kipande cha kitambaa cha Aida, kile kilichofumwa kwa miraba na vishimo vya kupitishia sindano, cha vishimo 14 kwa inchi, ambacho shangazi alikwisha kukinunua.

Rangi ya waridi ilitoka wapi

Swali la shangazi lina jibu jepesi. Kamera haioni rangi tatu. Inaona mkunjo wa nguo, kivuli cha mkono wa mpigaji, upande ulio karibu na dirisha na upande ulio mbali, wekundu uliofuliwa miaka na wekundu uliojificha ndani ya upindo. Panapokutana nyekundu na nyeupe, kamera inachanganya na kupata waridi. Panapokutana nyeusi na nyeupe, inapata kijivu. Halafu programu inachukua kila nukta na kuitafutia uzi unaoikaribia katika orodha ya mtengenezaji wa nyuzi. Orodha ya DMC, kampuni ya Ufaransa iliyoanzia Mulhouse mwaka 1746, ina rangi mia tano hivi. Programu haikosi pa kuchagua.

Nilichukua karatasi ya nne nikatazama kiua kimoja tu. Katikati palikuwa na miraba minne myeusi, wa tano ukawa kahawia iliyoiva. Ubavuni kijivu viwili visivyolingana, damu ya mzee moja, waridi tatu za aina mbili. Kwa mdarizi huu ni mzigo: kila rangi ni kufunga uzi, kukata, kutunga sindano upya, na kuufukia mkia nyuma ya kitambaa. Mraba mmoja wa pekee unaweza kula muda wa miraba 10 inayofuatana.

Kijana alikuwa na jibu lake. Alirudi kwenye programu akaiamuru itumie rangi tatu, akachapa tena. Wengi wanaojaribu kazi hii huishia hapo wakidhani wametatua, kwa sababu karatasi inakuja safi, nyekundu ni nyekundu na nyeusi ni nyeusi. Lakini tazama viua vilivyopangana kwenye safu moja: cha kwanza kina upana wa miraba 19, cha pili 18, cha tatu 19 tena lakini bega lake moja limeliwa. Havifanani hata viwili.

Kwangu hili lilikuwa baya kuliko rangi 38, kwa sababu halionekani mpaka umeshona. Linatokea hivi: kwenye picha ile kiua kimoja hakiangukii hesabu kamili ya miraba. Kinaangukia 18 na nusu na kitu. Mraba haugawanyiki, kwa hiyo programu inakata huku na kuongeza kule, kila kiua kwa namna yake. Picha ya uso wa mtu inaweza kuvumilia hayo. Mchoro unaojirudia hauvumilii, maana jicho limekwisha kuzoea kiua cha kwanza na linategemea cha pili kiwe ndugu yake pacha. Ongeza na simu iliyoshikwa upandeupande, ambayo imefanya safu ya juu ya kanga iwe nyembamba kuliko ya chini, na hakuna kitufe cha kurekebisha kitakachokuokoa.

Kwa hiyo ushauri wangu ulikuwa kuiacha picha kabisa. Kisutu kimeshafanya kazi ambayo picha haiwezi kuifanya: tayari ni bapa, tayari kina rangi chache, tayari kinajirudia. Hakina cha kugeuzwa. Kinatakiwa kusomwa, kichorwe kipande chake kimoja kwa mkono, na printa ije mwisho kabisa.

Kuhesabu mji na pindo

Tulikitandaza mkekani na kukinyoosha. Kanga nzima ni kama sentimita 150 kwa 110. Mto una sentimita 40 kila upande. Hakuna namna ya kuhamisha kila kiua, wala hapakuwa na haja. Tulichohitaji ni uwiano: pindo ichukue nafasi gani, mji gani, na kiua kiwe kikubwa kiasi gani ili kiendelee kuwa kiua badala ya kuwa doa.

Hesabu ya kitambaa ndiyo inayotangulia. Vishimo 14 kwa inchi ni miraba 55 kwa kila sentimita 10, na mtu yeyote anaweza kuihakikisha kwa rula kabla hajalipa. Pima wima, pima mlalo. Aida ya bei rahisi mara nyingine inatoa 55 upande mmoja na 53 upande wa pili, na mto wako wa mraba ukatoka mstatili. Cha shangazi kilikuwa sawa pande zote. Sentimita 40 basi ni miraba 220. Tukaipa pindo miraba 30 kila upande, mji ukabaki na 160.

Kiua tulikifanya cha miraba 19. Namba isiyogawanyika kwa mbili ina mraba wa katikati, na kiua bila mraba wa katikati hukaa kama kimekunjwa shingo. Baina ya kiua na kiua tukaweka mstari mwembamba mwekundu wa mraba mmoja. 19 na 1 ni 20. 160 kwa 20 ni viua 8. Kijana alifurahi, hesabu imeangukia pazuri.

Shangazi ndiye aliyeukamata mwanya. Alifuata mistari myekundu kwa kidole, mstari, kiua, mstari, kiua, mpaka mwisho, akasema, "Na wa kufungia uko wapi?" Viua 8 vinahitaji mistari 9. Bila wa tisa, upande mmoja wa mji ungekuwa umefungwa na mwingine wazi, na kosa hilo usingeligundua mpaka ufike pembeni. Mji ukawa 161, jumla 221. Kwenye kitambaa hiyo ni sentimita 40.1. Milimita moja ya ziada mto hauijui.

Kuchora kiua chenyewe kulichukua muda kuliko yote, na ninaona ndivyo inavyopaswa kuwa. Kwenye miraba hakuna duara. Kidoto cha upana wa miraba 5 kinachorwa kwa safu za 3, 5, 5, 5, 3, na macho yakisogea mbali kidogo kinaonekana mviringo. Cha upana wa 3 kina njia mbili: ukijaze chote kionekane kama tofali, au utumie 1, 3, 1 kionekane kama alama ya kujumlisha. Shangazi alikataa tofali. Katikati ya kiua tuliweka mraba wa 3 kwa 3 mweusi wenye tundu moja jeupe, mikono minne myekundu ikatoka hapo, na vidoto vinne pembeni. Kanga ya mama yake ina vijistari vyembamba zaidi ndani ya ile mikono; tuliviacha, kwa sababu kitu kisichofikia upana wa mraba mmoja hakina pa kukaa.

Pembe ya pindo ilitatuliwa kwa kioo cha mkoba. Chora kipande cha pindo kilichonyooka, simamisha kioo juu ya karatasi kwa pembe ya digrii 45, kisogeze polepole pembeni mwa mchoro, na humo kiooni utaona pindo ikigeuka kona. Sehemu nyingi zitatoa kona mbaya, kiua kimekatwa puani. Kuna moja au mbili ambapo nusu mbili zinakutana vizuri. Weka alama hapo. Ni ujanja wa zamani wa wadarizi, na programu nyingi za bure hazina kitu cha kuupita.

Kijana alipendekeza pindoni tutie jina, kama ilivyo ada ya kanga. Ilikuwa inawezekana: herufi kubwa ya upana wa miraba 5 pamoja na nafasi moja ni 6, kwa hiyo WEMA HAUOZI, ukihesabu na pengo la katikati, ni miraba 65, sawa na sentimita 12 hivi, na upande wa mji una 161. Shangazi alijibu kwamba kisutu cha mama yake hakina jina, na mazungumzo yakaishia hapo. Nami nilikuwa upande wake. Kanga za mwanzo hazikuwa na maandishi, na mji uliojaa namna ile hauhitaji kusemewa.

Karatasi moja badala ya 12

Mchoro wa kudarizi kwa kuhesabu hauhitaji kulingana na kitambaa kwa ukubwa. Kijana alikuwa amehangaika kuipunguza miraba ya karatasi mpaka ilingane na vishimo, na ndiyo maana karatasi zake za mwisho hazisomeki: mraba wa Aida ya 14 ni milimita 1.8. Lakini karatasi haiwekwi juu ya kitambaa. Inasomwa, unahesabu, unashona. Mraba wa karatasi uwe mkubwa kwa kadiri ya macho ya msomaji, na kwa mtu aliyevuka miaka 50 akishona usiku, milimita 3 ni ndogo na 3.5 ndiyo afadhali.

Ukichapa miraba yote 221 kwa 221 kwa milimita 3, A4 moja ikitoa pambizo la sentimita moja kila upande inabeba miraba 63 kwa 92. Hapo ndipo karatasi 12 zinapotoka. Lakini mchoro unaojirudia hauhitaji kuchapwa wote. Tulichapa kona tu: pindo ya miraba 30, mstari mmoja, kiua kimoja, mstari wa pili. Jumla 51 kwa 51. Kwa milimita 3.5 hiyo ni milimita 178.5, na A4 ina upana wa 210. Ikaenea karatasi moja, pembeni tukaandika idadi ya marudio. Karatasi ya pili ilibeba sura ya mto mzima kwa udogo, ya kutazama tu.

Tulichora kwenye Excel, na hapo kuna mtego mdogo unaowaudhi wengi. Upana wa safu wima unapimwa kwa herufi na kimo cha safu mlalo kwa pointi, hivyo ukiandika namba moja pande zote mbili miraba haitoki miraba. Mchoro unanenepa au unarefuka, nawe unaanza kurekebisha kiua kisicho na kosa. Ukiingia kwenye mwonekano wa ukurasa, vipimo vyote viwili vinakuja kwa sentimita. LibreOffice Calc inatumia sentimita tangu mwanzo. Kila baada ya miraba 10 weka mstari mnene, wima na mlalo. Bila huo hesabu itapotea kila mtu akibisha hodi. Wakati wa kuchapa hakikisha printa inatoa asilimia 100, maana ile tabia yake ya kubana kazi ili ienee ukurasani itakurudisha kwenye miraba ya kukodolea macho.

Kuhusu rangi nilishikilia msimamo ambao kijana hakuupenda: chapa kwa nyeusi tu. Wekundu wa katriji haufanani na wekundu wa uzi wowote, kwa hiyo haukusaidii kuchagua. Na wino wa printa nyingi za nyumbani huyeyuka kwa maji. Tanga mikono hutoka jasho, karatasi inalala juu ya Aida nyeupe mapajani, na doa jekundu kwenye eneo ambalo halitashonwa huwezi kulificha. X ikawa nyekundu, mraba uliojazwa ukawa mweusi, mtupu ukawa kitambaa chenyewe.

Shangazi hakuridhika na weusi mtupu. Alichukua penseli nyekundu akazipaka X zote, kisha akaitia karatasi kwenye mfuko wa plastiki wa faili. Bila kujua alikuwa anafanya walivyofanya wachapaji wa Berlin mwanzoni mwa karne ya 19, walipouza michoro ya kudarizi ya miraba iliyochapwa kwanza, kisha ikapakwa rangi kwa mkono mraba kwa mraba. Iliuzwa Ulaya nzima. Ingawa mimi ningeiacha nyeusi, yake inasomeka haraka zaidi, sina ubishi.

Nyuzi

Kwa kuwa kiua kimoja kimechorwa, uzi unahesabika kabla ya kwenda dukani. Nyekundu ilikuwa karibu mishono 16,000, nyeusi karibu 9,000, na zaidi kidogo ya 23,000 ni miraba mitupu ambayo weupe wa Aida unaifanyia kazi bure. Fungu la DMC au la Anchor, mtengenezaji mwingine wa nyuzi, lina mita 8 za uzi wenye nyuzi 6. Kwa Aida ya 14 zinatumika mbili kwa pamoja, kwa hiyo ni mita 24 za kushonea. Msalaba mmoja, mbele na nyuma, hula kama milimita 9. Ukitoa mikia na upotevu, weka mishono 1,800 kwa fungu: mafungu 9 ya nyekundu, 5 ya nyeusi. Kwa mdarizi anayepiga mishono 150 kwa saa, hiyo ni saa 167 hivi. Zile karatasi 12, zilizoagiza kila mraba ujazwe, zingefika saa 320 kabla hujahesabu muda wa kubadilisha nyuzi 38.

Nyekundu zote zinunuliwe siku moja, duka moja, kwa sababu rangi ya toleo moja inaweza kupishana kidogo na ya toleo jingine, na nyekundu kwenye nyeupe haisitiri. Na zijaribiwe. Shangazi alilowesha kipande cha uzi, akakikandamiza kwenye leso nyeupe, akakiacha kikauke humo. Nyekundu ya kwanza aliyoijaribu, fungu lisilo na lebo, iliacha mstari wa waridi. Akairudisha.

Kazi yenyewe hakuianza kwa kiua. Kwa kuwa viua ni 8, katikati ya mto haipo ndani ya kiua. Iko kwenye makutano ya mistari miwili, mraba wa 111 kutoka upande wowote. Alianzia hapo na kushona mistari yote kwanza, 9 wima na 9 mlalo, mishono 2,817 ya nyekundu bila kiua hata kimoja. Majirani waliona ajabu. Lakini mistari ile ilipokamilika, alikuwa na vyumba 64 vya miraba 19 kwa 19, na hesabu ikikosewa haiwezi kutoka nje ya chumba chake. Ilikosewa mara moja, mstari wa tano ulisogea mraba mmoja. Ulionekana ulipokutana na mwenzake, ukafumuliwa jioni ileile.

Suala la kuuza mchoro lilizuka baadaye, maana watu walianza kuuliza. Kisutu ni mtindo wa zamani uliochapwa na wengi, na kiua tulichora wenyewe, kwa hiyo sikuona tatizo. Kanga ya mwaka jana yenye mchoro wa kampuni fulani ni habari nyingine. Ya nyumbani shona, ila usiichape ukaiuza kama yako.

Wa kwanza kuitaka karatasi hiyo alitaka mito midogo miwili ya kitandani. Kijana alifungua Excel apunguze viua, shangazi akamwambia afunge. Karatasi ileile, kiua kilekile, ila kitambaa cha vishimo 18: miraba 221 inatoka sentimita 31, na uzi unatumika mmoja badala ya miwili.